Siku Nne Mfukoni

Watu wakisikia kwamba nilifanya kazi kwenye kampuni ya ndege, huniuliza nilikuwa narusha mpaka wapi. Nawajibu nilikuwa narusha mawe. Ndiyo, mawe, kuwafukuza swala na mbuzi kwenye kiwanja cha Kasese, huku Uganda, kabla ndege haijatua. Hiyo ndiyo ilikuwa sehemu ya kwanza ya kazi yangu kila Jumatatu na Alhamisi asubuhi. Baada ya hapo niliuza tiketi, nikapima abiria na mizigo yao kwenye mizani, nikazungumza na makao makuu ya Entebbe kwa redio ya upepo, nikawajibu watu wenye haraka. Nimechoka hata kuyasimulia. Lakini kuna jambo moja ambalo nisipolisema nitakwenda nalo kaburini, kwa hiyo wacha niliseme.

Mimi ni mtoto wa mjini. Baba yangu alikuwa Mwislamu mwenye lori moja bovu, akaifuata reli ilipofika Kasese, akabaki hapo hapo. Nyumbani tulisema Kiswahili, na mpaka leo watu wa milimani wakiniona huniita Mswahili, hata wale waliokula harusi yangu. Mke wangu ni mmoja wa hao wa milimani, Mkonzo wa Kyarumba, kule ambako ukitaka kuteremsha gunia la kahawa lazima mtu alibebe kichwani kwa kinjia chenye kuteleza. Nilimpenda, nikapanda mlima mara sita mpaka wakanipa. Haya mambo ya ukweni yana maana katika habari hii, ndiyo maana nayataja mapema.

Kampuni yenyewe ilikuwa ndogo, ndege tatu za injini mbili-mbili. Miaka ya sitini ilikuwa mizuri, sitasema uongo. Wahandisi wa mgodi walikuwa wakienda na kurudi, watalii walikuja kutazama tembo, na kila ndege ilikuja na marubani wawili waliovaa mashati meupe mpaka macho yanauma. Mke wangu aliwapikia chai na mandazi na kampuni ikamlipa kwa hilo. Nilikuwa na msaidizi mmoja na gari aina ya kombi. Nikipita na ile kombi mjini, watu walinipungia mkono, nami nikajiona mkubwa.

Mwishoni mwa miaka hiyo ndipo akaja kijana wa Bwera, Mkonzo kama mke wangu. Nasema wa Bwera, lakini shamba lao la kahawa lilikuwa juu kidogo, upande wa Karambi. Wamisionari walimsomesha, serikali ikampeleka ng'ambo, akarudi rubani. Siku alipotua Kasese kwa mara ya kwanza, amekaa kiti cha upande wa kulia kama rubani msaidizi, lori zima la watu lilitoka Bwera kuja kumwona. Wanawake walipiga vigelegele mpaka swala wakakimbia wenyewe, nikapumzika kurusha mawe siku hiyo.

Baba yake alikuja pia. Mzee mwembamba, koti kubwa, kofia mkononi. Hakuikaribia ndege. Alisimama pembeni ya mizani yangu akaitazama kwa muda mrefu, halafu akaniuliza kwa Kiswahili chao cha mpakani mwa Kongo, "Hii kitu inabeba mutu ya kilo ngapi?" Nikamwambia inabeba watu tisa na mizigo yao. Akapanda kwenye mizani bila kuombwa. Hamsini na nne. "Basi itaniweza," akasema. Mwanawe alicheka, akamwahidi mbele yetu sote kwamba siku atakapokuwa kapteni, abiria wake wa kwanza kutoka Kasese atakuwa yeye. Mzee akaitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyewekewa nafasi.

Halafu ukaanza ule ugonjwa wa kubana matumizi.

Kwanza walibana mandazi. Barua ikaja kutoka Entebbe kwamba marubani watakuwa wanakunywa chai kwao kabla ya kuondoka. Sawa. Kisha wakambana msaidizi wangu, akaenda kuuza samaki Katwe. Kisha kombi ikauzwa, nikarudi kwenye baiskeli, na wale waliokuwa wakinipungia mkono wakapata cha kucheka. Nyasi za kiwanja zilikuwa zikikatwa kila mwezi, wakasema zikatwe kila miezi mitatu, kwa hiyo mbuzi niliowafukuza miaka yote sasa nikawa nawaacha wazile, nikawafukuza dakika ya mwisho tu. Redio ya upepo ilikuwa wazi kila siku, wakasema iwashwe siku za ndege peke yake, Jumatatu na Alhamisi, kuanzia saa mbili mpaka saa sita mchana, ili betri idumu. Nilikuwa napokea kila barua nikisema haya, haya, kama mtu anayevuliwa nguo kidogo kidogo mbele ya watu.

Mambo ya nchi nayo yalikuwa yamebadilika. Wahandisi wa kizungu walipungua, watalii wakaisha kabisa, mafuta yakawa shida, na barabarani kukawa na askari. Sikatai kwamba kampuni ilikuwa na tabu. Ila watu wa ofisini wakipata tabu, wanaanza kuitafutia tabu hiyo mtu wa chini wa kuibeba.

Mwisho wakafika kwa marubani. Walikuwa kumi na wanne, wameandikwa kwenye orodha kwa tarehe za kuajiriwa. Wakakata wanne kuanzia chini. Kijana wa Bwera alikuwa wa kumi na mbili. Barua yake ilipitia kwangu, kwa sababu siku hiyo alikuwa Kasese, na mimi ndiye niliyemkabidhi. Iliandikwa kwamba anapumzishwa kwa muda bila mshahara, na kwamba kazi ikiongezeka wataitwa mmoja mmoja kwa kufuata orodha. Anapumzishwa! Neno hilo lilinichefua. Kijana wa miaka ishirini na saba, mwenye nguvu zake, nani alikuambia amechoka?

Aliisoma, akaikunja. "Watatuita tu, kaka," akaniambia. Alikuwa akiniita kaka tangu mwanzo. Ndege ikaondoka na kapteni peke yake. Kwenye kiti cha kulia niliamriwa nifunge gunia la barua za mgodi kwa mkanda ule ule wa rubani. Nililifunga mwenyewe, kwa mikono hii, na nikaona aibu kama vile ni mimi niliyemnyang'anya kiti.

Kwao Bwera hakukuwa na simu wala redio, kwa hiyo ikakubaliwa kwamba wakimwita, wataniita mimi, nami nitapeleka habari. Jambo lenyewe lilikuwa na mwisho wake. Leseni ya rubani haikai milele. Aliponieleza nilielewa vizuri: asiporuka kabla ya mwisho wa mwezi wa sita, leseni inakufa, na kuifufua ni lazima uende ng'ambo ukafanye mitihani upya kwa gharama yako. Familia yao isingeweza hilo hata wangeuza mlima wote. Kwa hiyo ilikuwa aitwe kabla ya mwezi wa sita, au basi.

Tulikuwa mwezi wa kumi na moja. Nikasema moyoni, ah, miezi saba ni mingi.

Nilimtembelea mara mbili. Mara ya pili nilimkuta nyuma ya nyumba, amekaa kwenye kigoda cha jikoni, mgongo wima, macho mbele. Mkono wake wa kulia ulikuwa unasukuma kitu ambacho hakipo, kisha kingine, kisha anatazama juu, anagusa hewani, midomo inacheza. Alikuwa anarudia hatua zote za kuwasha injini, kila asubuhi, asije akasahau. Watoto wa jirani walikuwa wamejaa kwenye migomba wanamcheka. Baba yake akatoka na fimbo akawatimua. "Acheni mutu afanye kazi yake!" akawafokea. Kisha akanigeukia akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba mwanawe amepungua kula.

Na huyo mzee sasa. Kila Jumatatu, bila kukosa, alipanda lori la kahawa la mfanyabiashara mmoja Mkongomani wa Butembo aliyehamia Bwera, akateremka Kasese karibu na stesheni ya reli, akatembea mpaka kiwanjani. Alinikuta nimemaliza na redio. Alivua kofia. "Wasibire," alinisalimia kwa salamu yao ya jioni, hata kama bado ni mchana wa mapema. Kisha: "Bamemwita?"

"Bado, mzee."

"Haizuru. Batamwita tu."

Halafu alipanda kwenye mizani yangu. Hakuacha hata Jumatatu moja. Alitaka kuwa tayari, nadhani, siku hiyo itakapofika asije akaambiwa amezidi. Mwezi wa kumi na mbili mshale ulisema hamsini na tatu. Mwezi wa pili, hamsini na moja. Mwezi wa nne ulikuwa unagusa arobaini na nane, na lile koti lilikuwa linatembea lenyewe. Aliniuliza, "Ngapi?" Nikamwambia hamsini na nne, mzee, vile vile. Nilimdanganya kila wiki nikimtazama machoni, na wala sikuona ugumu wowote. Nataka ukumbuke hilo.

Jumatatu moja mwishoni mwa mwezi wa tano, niliwasha redio saa mbili, na karani wa Entebbe, mtu ambaye nilijua sauti yake miaka minane bila kuijua sura yake, akaniambia nishike kalamu. Rubani mmoja aliondoka ghafla kwenda kwao Ulaya. Wa kumi na moja alikwisha pata kazi kwingine. Rubani wa Bwera anaitwa kazini. Ajibu kupitia redio Alhamisi kabla ya saa sita mchana. Akikubali, ana siku kumi za kufika Entebbe. Asipojibu, anaitwa anayefuata.

Niliandika kwenye karatasi ya manifesti, ile orodha ya abiria, upande wa nyuma, maana upande wa nyuma nao tuliamriwa kuutumia. Nilifurahi mpaka nikampigia makofi yule mbuzi mweusi aliyesimama mlangoni. Nikakaa kumngoja mzee. Nilishapanga namna nitakavyomwambia. Akiuliza "Bamemwita?" nitanyamaza kwanza, nimtese kidogo, kisha nimpe karatasi.

Mzee hakuja. Lori lilifika, dereva akaniambia, "Papa ule alibakia. Iko mugonjwa." Nikamwambia kesho akirudi anipakie.

Jumanne tuliondoka asubuhi. Baada ya njia panda ya Kikorongo askari walikuwa wamefunga barabara kwa gogo. "Shuka! Weye, iko nini mfukoni?" Nikatoa ile karatasi, ndiyo afande, ni barua tu afande. Akaisoma polepole, midomo ikitembea. Nilidhani ataichana. Akanirudishia. "Hii ni kazi ya mutu," akasema. "Peleka mbio." Katika watu wote walioigusa karatasi ile, ni yeye peke yake aliyesema neno la maana.

Tulipokaribia kwao nilisikia vilio kabla sijaona nyumba. Mzee alikuwa amefariki alfajiri ile ile. Uani moto ulikuwa umekwisha washwa, na wanaume wamekaa kuuzunguka, wamejifunika mablanketi ingawa jua lilikuwa kali. Inna lillahi.

Hapa ndipo nirudi kwenye mambo ya ukweni. Mwaka wa pili wa ndoa yangu baba mkwe alifariki kule Kyarumba. Nilipanda, nikakaa na wenzangu kwenye moto. Siku ya pili, kwa ujinga wa mtoto wa mjini, nilimuuliza shemeji yangu kama wangependa lori la baba yangu lije kuchukua kahawa yao msimu huo. Subhanallah! Mzee mmoja akainuka akaenda kukaa upande mwingine. Baadaye nikaambiwa kwamba moto wa msiba ukiwa unawaka, siku nne mpaka majivu yazolewe na watu wanyolewe, hapasemwi habari za kazi wala biashara wala safari kwa wafiwa. Nikatozwa mbuzi, na mwaka mzima sikupewa kiti kizuri. Niliapa sitafanya kosa hilo tena maishani.

Kwa hiyo nilikaa kwenye moto ule wa Bwera, karatasi ikiwa mfukoni mwa shati. Kijana alikuja kunishukuru kwa kufika. Macho yalikuwa mekundu. Alinishika mkono wala hakuuachia. Kisha akaniuliza, na bado naisikia sauti yake, "Kaka, kuna habari gani Kasese?"

Alikuwa anauliza. Alikuwa ananiuliza kabisa, hakuwa anasalimia. Mimi nikaangalia moto, nikaangalia wazee waliokaa pale na mablanketi yao, nikajibu, "Salama tu. Kuna amani."

Akaitikia kwa kichwa, akaniachia mkono.

Jumatano tulimzika katikati ya kahawa yake. Wakati wanaliteremsha jeneza, wanaume wanne walilishika kama vile halina kitu ndani, na mimi peke yangu nilijua ni kwa nini. Jioni nikarudi Kasese na lori. Sikumwambia mke wangu kitu. Nilikula, nikalala.

Alhamisi nikafukuza mbuzi, nikawasha redio. Yule karani akaniita. "Kasese, Kasese. Rubani wako anasemaje?"

"Amefiwa na baba yake," nikasema. "Wako kwenye moto. Sijamwambia. Nipeni mpaka Jumamosi."

"Jumamosi redio imefungwa, kaka. Unajua."

"Basi Jumatatu."

Ikasikika milio ya redio tu. Kisha akarudi. "Mkubwa amesimama hapa. Anataka jibu sasa. Ni ndiyo au siyo?"

Nami, mjinga mimi, nikavuta pumzi nikamwambia, "Siwezi kumjibia mtu ambaye sijamuuliza."

Nilijiona mwaminifu! Wallahi nilijiona mtu mwenye heshima zake, ambaye hata kampuni haiwezi kumwondoa kwenye haki. Yule karani alisubiri kidogo. Nadhani alikuwa ananipa nafasi. Neno moja tu lilitakiwa, ndiyo, na siku kumi za kufika Entebbe zingefuata, na msiba ungekuwa umekwisha. Miezi mingapi nilimdanganya mzee kwenye mizani bila jasho kunitoka? Kwa mwanawe nikashindwa kusema uongo mdogo kuliko ule, ambao wala haukuwa uongo.

"Sawa, Kasese," akasema. "Tumemwita anayefuata."

Jumamosi nilikwenda Bwera kwa baiskeli mpaka Kikorongo na kutoka hapo kwa gari la samaki. Majivu yalikuwa yamezolewa. Kijana alikuwa amenyolewa kichwa, ananawa mikono kwenye karai. Nilimwambia nina ujumbe wake, nikampa. Karatasi ilikuwa imelowa jasho langu ikakauka, ikalowa tena ikakauka.

Aliisoma. Akairudia. Nikaona jicho lake linasimama kwenye ile siku, Alhamisi.

"Ulikuja nayo Jumanne," akasema.

"Ndiyo."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukaniambia kuna amani."

Nilianza kumweleza habari za moto, za ukweni kwangu, za yule mbuzi niliyetozwa. Alinyanyua mkono kuninyamazisha, si kwa ukali.

"Baba alikuwa anakuja kwako kila Jumatatu," akasema. "Miezi yote hii, mgonjwa vile. Alikuwa anafuata nini, kaka?"

Alikunja karatasi akaenda nyuma ya nyumba. Nilipomfuata baada ya kitambo nilimkuta amekaa kwenye kile kigoda, mikono imelala magotini. Haikusukuma kitu.

Nilirudi nyumbani jioni ile nikamsimulia mke wangu kila kitu, nikitegemea angalau yeye ataniambia nimeheshimu mila zao. Aliweka sufuria chini. "Nani alikuambia habari njema ya mfiwa inakatazwa?" akauliza. "Kwetu mtoto akizaliwa wakati wa msiba hatumwambii mfiwa? Ulitozwa mbuzi kwa sababu ulikuja kwenye moto wa baba yangu kutafuta faida yako. Lori lenu! Hukuelewa hata hilo, miaka yote hii?" Kisha akanitazama, na hasira ikamtoka, akaanza kulia yeye, kwa ajili ya kijana aliyewahi kunywa chai yake. Nilikuwa nimeishi nao miaka kumi nikashika sheria na kuacha maana yake.

Anayefuata alitua Kasese wiki mbili baadaye. Kijana mzuri wa Jinja, mpole, hana kosa lolote. Niliondoa gunia kwenye kiti cha kulia, yeye akakaa. Alipata saa zake za kuruka za kutosha kabla kampuni haijazidi kudidimia, na nilisikia alikwenda kurusha ndege kubwa nchi za nje. Mwezi wa sita ulipita. Leseni ya kijana wa Bwera ilikufa siku ya mwisho ya mwezi huo, na siku hiyo nilifukuza mbuzi kama kawaida.

Yule mfanyabiashara wa Butembo alikuwa anatafuta dereva. Kwa hiyo Jumatatu lori la kahawa likawa linakuja na rubani. Aliishusha kahawa stesheni, akapakia chumvi na sabuni, akarudi Bwera. Tukikutana mjini alinisalimia vizuri, hakuninyima salamu hata mara moja, lakini hakuja kiwanjani. Wala sikumlaumu. Nilikuwa nazunguka njia nyingine nikiliona lile lori, kwa aibu.

Miaka miwili hivi ikapita, na barua yangu nayo ikafika. Ilikuwa na maneno yale yale, mtu hakujisumbua hata kutafuta mengine. Napumzishwa kwa muda bila mshahara, kituo cha Kasese kinafungwa, kazi ikiongezeka nitaitwa. Waliwatuma watu kuchukua redio na mizani. Nikakaa nyumbani. Unajua mtu anayengoja kuitwa anavyokuwa? Asubuhi nilivaa shati la kazi. Jumatatu na Alhamisi nilikuwa naamka mapema kuliko siku nyingine. Nilikuwa najua kabisa hakuna atakayeniita, na bado nilikuwa nasikiliza.

Jumatatu moja lori la kahawa likasimama mbele ya mlango wangu. Injini haikuzimwa. Rubani alishuka, akaja mpaka barazani, akavua kofia. Alikuwa amesoma kwa wamisionari, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu, lakini siku ile hakukitumia.

"Wasibire," akasema. Kisha: "Bamekuita?"

Nilidhani ananicheka. Hasira ikanipanda, nikataka kumwambia kitu. Halafu nikamwangalia usoni, nikaona hanicheki. Alikuwa anauliza tu, na alikuwa anangoja jibu.

"Bado," nikasema.

"Haizuru," akasema. "Batakuita tu."

Akavaa kofia, akapanda lori, akaelekea stesheni. Jumatatu iliyofuata alipita tena, na nyingine, na nyingine, akaniuliza vile vile mpaka tukawa wazee. Lakini siku ile ya kwanza nilibaki nimesimama mlangoni na shati langu la kazi, mwanamume mwenye watoto watano, nikalia mchana kweupe watu wakipita.